Si Mtu Wangu: Shajara ya Ngombezi, 2025

Jumanne, 15 Aprili

Saa nne kasorobo asubuhi korona, mashine ya kuchakata mkonge, imemkata kijana wetu vidole vitatu vya mkono wa kulia. Naandika usiku huuhuu, kabla maneno hayajaanza kupangwa.

Alikuwa analisha mashine tangu alfajiri. Mvua ya masika ilinyesha usiku kucha, majani yaliteleza, na ubao anaosimamia mlishaji ulikuwa umelowa maji ya mkonge. Hii ni korona ndogo ya kulishwa kwa mkono: unaingiza jani nusu, unalivuta, unaligeuza, unaingiza nusu iliyobaki. Jani moja lilikwenda mshazari. Alipolivuta, singa, zile nyuzi za ndani ya jani, zikamzunguka vidole na ngoma ikavuta vyote pamoja. Mwenzake aliutoa mkanda wa injini kwa gongo, kwa sababu swichi ya kuzimia iko upande wa pili, nyuma ya pipa la dizeli. Kinga ya mdomo wa mashine haipo. Iliondolewa mwezi wa pili, eti majani marefu yalikuwa yanakwama.

Kwenye karatasi ya pembeni nimeandika majina ya waliokuwepo, na kila mmoja amenieleza alichokiona kwa macho yake, si alichosimuliwa. Jina la kijana na la mwenye mashine siyaandiki humu. Daftari huweza kupotea, na maumivu ya mtu si ya kusomwa na kila anayeokota.

Alipakiwa kwenye bodaboda, kapakatwa na mwenzake, mkono umefungwa kwa khanga. Polisi walitoa PF3, fomu yao ya majeruhi, bila kumchelewesha, na hospitali mjini Korogwe wakampokea. Hapa Ngombezi hata mtoto wa shule atakuambia ukiumia kwanza kachukue PF3. Karatasi ile nyingine, inayoeleza kwamba mtu ameumia akiwa kazini na mwajiri wake ni fulani, hakuna aliyeitaja tangu asubuhi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kumwona. Amelala, mkono umening'inizwa, homa imeshuka. Mama yake amekuja kutoka Handeni kwa basi la alfajiri. Kijana alikuja huku baada ya mahindi ya kwao kukauka msimu uliopita, kama vijana wengi wa upande ule.

Tajiri, yaani mwenye mashine, alitangulia kufika. Ameleta sukari, unga, katoni ya maji, na amelipia dawa. Sisemi ni mtu mbaya. Alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na yule mama, kainama, anaongea polepole: "Mama, pole sana. Hili ni letu. Tutamalizana wenyewe kwa wenyewe, tusiwape watu faida." Mama akajibu, "Mungu akulipe, baba." Ndivyo mambo yanavyofungwa huku kwetu, na ndiyo sababu sikupata usingizi mchana nilipojaribu kulala. Sukari itakwisha kabla ya mwezi. Mkono wa kulia wa kijana wa miaka ishirini na miwili una miaka arobaini ya kazi mbele yake.

Jioni nimewauliza wote watatu wanaohusika. Mwenye mashine anasema yeye anakodisha mashine tu, vibarua huletwa na msimamizi. Msimamizi anasema yeye ni kibarua kama wengine, anapokea kwa tani na kugawa. Mwenye majani, mkulima anayeishi Dar es Salaam na kuendesha shamba lake kwa simu, amesema ananunua huduma ya kuchakata mkonge, hajaajiri mtu Ngombezi. Watatu, na maneno yao ni yaleyale: yule si mtu wangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mimi ndiye karani wa mahudhurio na mizani pale. Kila asubuhi naandika nani kaingia saa ngapi, kila jioni naandika tani. Leo nimekaa na daftari la kazi na nakala ya sheria niliyopewa kwenye semina, nikasoma mstari kwa mstari.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, inampa mwajiri siku saba tangu apate habari ya ajali awe amempelekea taarifa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huu tunaouita WCF. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, nayo inataka mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ajulishwe. Ni taarifa mbili zenye kazi mbili. Ya WCF ni kwa ajili ya aliyeumia: matibabu, ujira wa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, na fidia ya ulemavu. Ya OSHA ni kwa ajili ya atakayesimama kwenye ubao uleule kesho. Tajiri anayetoa sukari anaweza kujiaminisha kwamba ametimiza ile ya kwanza kwa namna yake. Ile ya pili hakuna sukari inayoweza kuifanya.

Nani mwajiri, basi? Jibu nimelikuta mahali nisipotarajia, kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kinaorodhesha dalili, na ikiwepo hata moja, mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo: kazi yake inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa, anategemea riziki kwa mtu huyo, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Nimefungua daftari langu la mahudhurio. Kijana huyu saa 45 anazimaliza ndani ya wiki moja. Mashine anapewa, saa za kuingia anapangiwa, na anayempangia ni mtu wa mwenye mashine.

Kwa hiyo yote yamo katika daftari ninaloandika mimi mwenyewe kwa kalamu ya buluu. Nimenakili miezi mitatu yote humu ndani, kurasa za nyuma, tarehe na saa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ofisi zimefungwa. Mashine inafanya kazi. Kijana mwingine kasimama pale pale, bila kinga.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Baada ya ibada nimekaa na shangazi, tukamkumbuka babu. Yeye aliletwa kutoka Kasulu na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kukusanya watu wa Kigoma, Songea na kwingineko na kuwaleta Tanga kwa treni na malori. Waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa kwa namba. Babu namba yake aliijua mpaka anakufa. Alikuwa na kipande chenye nafasi za siku thelathini. Siku iliyofanyiwa kazi iliwekwa alama, na kipande kisipojaa hakuna mshahara. Shangazi anasema babu alimsimulia habari za mtu wa kambi yao aliyevunjika mguu kwenye reli ya toroli za majani. Walimwekea siku yake ile alama, kwa kuwa alikuwa amekwisha kata mzigo, halafu wakampeleka stesheni arudi kwao. Kazi iliandikwa. Mguu haukuandikwa.

Na hii nimeifikiria njiani kurudi. Richard Hindorf, Mjerumani, alileta miche ya mkonge mwaka 1893, elfu moja kutoka Florida, ikasalimika 62 tu iliyopandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 kukatokea mashamba yote haya, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa singa. Lakini Ujerumani yenyewe ilikuwa imeshatunga sheria ya bima ya ajali kazini tangu mwaka 1884. Miaka tisa kabla ya mche wa kwanza kufika Pangani, mfanyakazi wa kiwandani kule akivunjika mguu ajali yake iliandikwa na akalipwa. Mche ulivuka bahari. Sheria waliiacha kwao, na hawakuisahau kwa bahati mbaya.

Waingereza nao walitunga zao hapa: ya fidia mwaka 1949, ya viwanda mwaka 1950. Ile ya fidia ilidumu miongo na miongo bila viwango vyake kuguswa, mpaka fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu ikawa shilingi 108,000 na ya kifo shilingi 83,000. Shangazi hakuamini. Nikamwambia ndiyo, shilingi, na haikuwa kwa mwezi; ndiyo yote. Nadhani hapo ndipo watu walipojifunza kumalizana wenyewe. Nani atembee ofisi hadi ofisi kwa ajili ya shilingi 83,000, wakati tajiri anaweza kutoa laki mbili taslimu msibani? Desturi ile ilikuwa na akili yake wakati ule. Leo kiwango cha ulemavu kinapimwa na madaktari. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo kwa kukokotoa mshahara, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Sheria imebadilika, lakini watu bado wanahesabu kwa bei ya zamani.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Sikukuu tena. Siku saba zinaisha kesho, na sikukuu zimekula karibu nusu.

Tajiri amenipigia asubuhi: "Dada karani, hilo daftari la mahudhurio niletee nyumbani, nataka kulikagua." Nimempelekea. Ni mali yake, sina sababu ya kumnyima. Nilipofika nikamwamkia mke wake, nikakaa, nikamwambia tajiri waziwazi kwamba nimenakili miezi mitatu. Alinyamaza muda mrefu.

Kisha akasema kitu cha kweli, na ninamheshimu kwa kukisema. WCF amejiandikisha, kwa sababu bila hivyo asingepata zabuni fulani. Ila aliandikisha watu wanne: yeye, msimamizi, fundi na mimi. Vibarua hawamo. Akipeleka taarifa, ataulizwa huyu wa tano katoka wapi, na baada ya wa tano wataulizia wengine.

Hapa ndipo nimelielewa jambo lililokuwa linanisumbua tangu Jumatano. Nilidhani ajali zinafichwa kwa sababu ya ukatili, au kwa kuogopa gharama za ajali yenyewe. Kumbe kinachofichwa ni watu. Ajali ikiandikwa, inamtoa hadharani mtu ambaye kwenye makaratasi hayupo.

Nikamfanyia hesabu. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mshahara, ukashushwa, na tangu 2022 ni nusu ya asilimia. Kibarua anayepata shilingi 150,000 kwa mwezi, mchango wake ni shilingi 750. "Shilingi mia saba na hamsini, mzee. Na kwa hiyo, matibabu yangekuwa juu ya Mfuko, si juu ya mfuko wako." Mke wake, ambaye alikuwa jikoni muda wote, akatoka na chai na kusema, "Baba, peleka." Basi.

Jumanne, 22 Aprili

Imepelekwa. Tulikaa kwenye steshenari mjini, umeme ukakatika na kurudi, taarifa ikaingia kwenye mtandao wa Mfuko saa kumi na moja jioni.

Kwenye sehemu ya chanzo cha ajali tajiri aliandika kwamba mfanyakazi hakuwa makini. Nikamwomba aandike kilichotokea: ubao umelowa, kinga haipo, swichi haifikiki. Akakataa. Alisema, "Dada, nimekubali kumwandika, usinitake nijifunge na kamba." Kwa fidia yenyewe, maneno yale hayamwumizi kijana sana, sheria hii haianzi kwa kutafuta mwenye kosa kabla ya kumlipa mtu aliyekatika vidole. Lakini kwa mashine yanaumiza sana. Kama chanzo ni mtu, dawa ni kumbadilisha mtu, na mtu ameshabadilishwa tangu Jumatano. Kama chanzo ni mdomo ulio wazi, dawa ni kipande cha bati na boliti nne.

Usiku tumeandika barua ya mashahidi kwenda kwa mkaguzi. Wengine walitia sahihi, mmoja akaweka dole gumba, mmoja amesema ana watoto wadogo, asitajwe. Sikumlaumu.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Redio imeitaja asubuhi pamoja na hotuba na maonyesho. Shirika la Kazi Duniani linaiadhimisha tarehe hii tangu 2003. Nimewaambia vibarua wakati wa chai. Wengi hawakuwahi kuisikia, ingawa Mei Mosi wanaijua kwa fulana na kofia.

Kijana ametoka hospitali. Anajifunza kushika kijiko kwa kushoto.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ni mwaka mmoja tangu bomba la mvuke lipasuke kwenye kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, na kuua watu 11. Ajali ya namna ile haifichiki; nchi nzima ilijua siku ileile, viongozi wakaenda, wakaguzi wakaenda. Watu 11 kwa mpigo wanapata uchunguzi. Vidole vitatu huku, jicho kule, mgongo kwingine, vinaweza kupita mwaka mzima bila hata mstari mmoja, na ukivijumlisha sijui kama havitazidi msiba wa Mtibwa.

Kuna hesabu ya zamani ya Mmarekani, Heinrich, aliyeandika mwaka 1931 kwamba nyuma ya kila jeraha kubwa moja kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyomuumiza mtu. Wataalamu wa baadaye wameipinga hiyo idadi, nami siitetei. Ila nilipofumba macho na kukumbuka tu miezi ya karibuni pale kwenye korona, yamekuja mengi: glavu iliyovutwa ikachanika mkono ukabaki, mkanda uliochomoka ukapita juu ya kichwa cha fundi, mlishaji aliyeteleza akadaka nguzo. Tulicheka kila mara. Hakuna lililoandikwa, kwa kuwa hakuna aliyelia. Kuanzia leo nimechora mstari kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mahudhurio na kuandika juu yake: "Yaliyotaka kutokea." Tajiri ameuona, hakusema kitu.

Jumanne, 10 Juni

Mkaguzi amefika. Hakupiga kelele hata kidogo. Aliomba mashine izimwe, akasimama kwenye ubao wa mlishaji, akanyoosha mkono kuelekea swichi, haukufika. Akarudia mara nyingine, haukufika. Akaandika. Akauliza mwakilishi wa usalama ni nani, maana sheria inataka awepo palipo na wafanyakazi zaidi ya wanne. Kwenye makaratasi tulikuwa wanne, na kwenye benchi la chai walikuwa wamekaa watu kumi na nane. Tajiri aliangalia chini.

Amri: korona isimame mpaka kinga irudishwe, swichi ihamishwe, ubao uwekewe kitu cha kuzuia utelezi, na sehemu ya kazi isajiliwe.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ngumu kuliko siku ya ajali yenyewe, kwangu mimi.

Mashine imesimama, na ikisimama hakuna tani, na bila tani hakuna pesa. Jani la mkonge ni maji na nyama. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Ili ipatikane tani moja ya singa, tani 25 za majani lazima zipite mikononi mwa mlishaji. Majani yaliyokatwa hayasubiri, yanakauka shambani na mkulima wa Dar es Salaam anapiga simu kila saa. Wakataji hawana pa kupeleka mizigo. Mama mmoja anayeanika singa, mwenye wajukuu wanne nyumbani, amenijia na kuniambia bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma: "Mwanangu, ulimsaidia mmoja. Sisi tunakula nini wiki hii?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sitajitungia hapa. Nilimwambia hela ya kinga na fundi ni ndogo, kazi ya siku mbili. Ni kweli, lakini siku mbili kwa mtu anayelipwa kwa tani ni siku mbili za njaa. Gharama ya kuripoti inaanguka kwanza juu ya wale ambao taarifa inataka kuwalinda. Wanaoandika sheria wangelijua hili, wangeweka namna ya kuwalipa vibarua kwa siku ambazo mashine imesimamishwa kwa kosa lisilo lao. Mpaka hapo kila mkaguzi atakayekuja atapokewa na nyuso zilizonuna, na kila shahidi ataulizwa na jirani yake kwa nini amefungua mdomo.

Nimekwenda kwa tajiri, nikamwomba awape posho ya siku hizi. Amekubali nusu. Ni afadhali.

Jumatatu, 16 Juni

Mashine imewaka. Kinga imepachikwa kwa boliti, swichi iko kwenye nguzo ya kushoto, mkono wa mlishaji unaifikia bila kuinua mguu. Ubao umepigiliwa vipande vya tairi la lori. Majani marefu yanakwama kidogo, kweli. Wanayapogoa ncha kabla. Vibarua kumi na wanne wameandikishwa.

Mama mmoja wa brashi alinisubiri nimalize mizani. Amefanya kazi ya kusugua singa miaka mingi kwenye maghala mbalimbali. Anakohoa asubuhi mpaka anashika ukuta. Akipumzika Jumapili anapata nafuu, Jumatatu kikohozi kinarudi. Anauliza kama kikohozi nacho huandikwa.

Huandikwa. Sheria inasema ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Na vumbi la mkonge si hadithi: Dakta Akwilina Kayumba na wenzake waliwapima wachakataji mkonge wa hapa nchini, wakakuta matatizo ya kifua kwa wanaofanya kazi kwenye vumbi hilo, na brashi ndiyo yenye vumbi baya kuliko sehemu nyingine. Yeye baadaye akawa Mtendaji Mkuu wa OSHA yenyewe. Kwa takwimu za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi, na wanaouawa na ajali kati yao ni kama 330,000. Waliobaki huuawa na magonjwa. Kwa hiyo wengi wanakufa kama mama huyu anavyougua, polepole, nyumbani, bila tarehe. Vidole vina saa nne kasorobo yao. Kikohozi hakina saa, na fomu zote zinaanza kwa kuuliza lini.

Nimemshauri aende kwa daktari na aseme kazi yake wazi, aombe iandikwe kwenye cheti. Wengi wanasema "nakohoa", wanapewa dawa ya kikohozi, mwisho wa habari.

Jumanne, 1 Julai

Leo Mfuko umetimiza miaka kumi tangu uanze kazi, tarehe 1 Julai 2015. Kijana amepigiwa simu: anatakiwa kwenda kupimwa kiwango cha ulemavu, na ujira wake wa kipindi cha matibabu umeanza kuingia. Mama yake alipiga simu kutoka Handeni akanisomea ujumbe wote, herufi kwa herufi, kisha akauliza kama ni kweli au ni matapeli wa simu. Nikamwambia ni kweli, mama. Akasema atamrudishia tajiri sukari yake. Nikacheka naye, nikamwambia hapana, sukari ilikuwa ya upendo, aiache.

Jumatano, 9 Julai

Habari zimesambaa. Leo amekuja mkata mkonge, mzee wa makamo, jicho la kushoto jeupe. Alichomwa na mwiba wa jani akiwa anainama kukata, Ijumaa tarehe 19 Julai mwaka jana. Aliosha kwa maji, akaenda dukani akauziwa dawa ya matone, akarudi kazini Jumatatu. Mwezi wa tisa hakuona tena. Hakuna taarifa iliyokwenda popote, na aliyekuwa anamlipa naye, kama kawaida, anasema si mtu wake.

Dai linatakiwa lifike kabla miezi kumi na miwili haijapita. Leo ni tarehe 9.

Tumekaa barazani toka saa tisa. Nimeandika maelezo yake kama alivyoyasema: jani la safu ya ngapi, alikuwa amekata mizigo mingapi, hakupewa miwani, nani alikuwa safu ya jirani. Cheti cha hospitali anacho, kimeliwa na panya pembeni lakini tarehe inasomeka. Kipande chake cha malipo cha Julai mwaka jana mke wake amekikuta ndani ya Biblia, na kina sahihi ya msimamizi. Shahidi wa pekee alihamia Kabuku, simu yake haipatikani. Tumekubaliana: yeye anakwenda mjini kesho kumwona daktari wa macho, mimi napanda basi la asubuhi kwenda Kabuku.